Nimezunguka ngome za pwani kutoka Kilwa hadi Lamu: karibu kila moja iliwahi kuwa jela

Kandambili Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilipata likizo ya siku 21, ya kwanza ya maana tangu niajiriwe. Jamaa zangu wakasema niende kijijini nikapumzike. Kijijini gani? Ningekabidhiwa kesi tatu za mipaka ya mashamba kabla sijanawa miguu. Nikabeba begi moja, nikaanzia Kilwa kupanda kaskazini mpaka Lamu, na shughuli ilikuwa moja tu: kuingia kila ngome inayoingilika. Basi, bajaji, mashua, miguu. Hoteli sikulala hata moja yenye nyota, nyota nilikuwa naziona nje.

Sasa kuna kitu kilinifuata njia nzima. Kila ngome, yule anayekuzungusha atafika mahali fulani, atapunguza mwendo, atashusha sauti: "Na hapa palikuwa jela." Kilwa hivyo. Bagamoyo hivyo. Unguja hivyo. Mombasa, Lamu, vilevile. Ilifika mahali nikawa namsubiri tu aseme, kama unavyosubiri kiitikio cha taarab.

Halafu neno lenyewe, wakuu. Gereza. Wataalamu wa lugha wanalirudisha kwenye Kireno, *igreja*, maana yake kanisa. Mreno alikuwa akijenga ngome anatia na kanisa ndani yake. Wenyewe wakaondoka, jengo likabaki na jina, waliokuja nyuma wakatia wafungwa. Neno limeingia bandarini likiwa kanisa, sisi tumelipokea likiwa na nyapara.

Nitaandika kwa vipande, maana natumia simu na chaji yenyewe ya kuombea. Naanza na Kilwa.

---

Kandambili Moja

KILWA KISIWANI

Kutoka Dar unapanda basi la kusini, unashuka Nangurukuru kwenye njia panda, hapo unatafuta gari dogo mpaka Kilwa Masoko. Masoko ndiko unakokata kibali cha kuvuka, usiende bandarini bila karatasi, utarudishwa. Ukiwa na haraka unakodi mashua, ukiwa hauna unasubiri ya wanakijiji, inaondoka ikijaa.

Mimi nilichelewa kuuliza habari za maji. Tulivuka vizuri, lakini kurudi jioni maji yalikuwa yamekupwa na mashua imesimama mbali kule. Ikabidi tuikanyage tope. Hatua ya kumi na ngapi sijui, mguu wa kulia ukatoka, kandambili ikabaki chini. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, sijaipata. Ndiyo asili ya jina langu humu, msiniulize tena.

Kitu cha kwanza unachokiona ukiwa majini ni Gereza. Limekaa ufukweni kabisa, kama mtu aliyewekwa kungoja wageni. Wareno walifika 1505 wakajenga ngome yao, wakaondoka 1512. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, yapata mwaka 1800, wamelijenga palepale juu ya kazi ya Mreno. Angalia minara: iko miwili tu, kwenye pembe zinazotazamana kimshazari. Nikauliza, mbona wamebana matumizi? Mzee aliyetuzungusha akachora mraba mchangani kwa kidole cha mguu, akaweka kokoto mbili kwenye pembe mbili. "Aliyesimama hapa anauona ukuta huu na huu. Yule pale anauona ule na ule. Mnara wa tatu wa nini?" Nikanyamaza.

Ukitembea kama nusu saa kufuata ufuo unafika Husuni Kubwa. Hapa ndipo nilipokaa zaidi. Husuni maana yake ngome, lakini sidhani aliyeijenga alikuwa na wasiwasi wowote wa vita. Ni kasri. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, ukumbi, ua wa biashara, na juu ya mwamba unaotazama bahari, birika la kuogelea lenye pembe nane. Pembe nane! Ibn Battuta alipita Kilwa 1331, akamkuta huyuhuyu sultani, akamsifia kwa ukarimu. Na jengo lenyewe halikuwahi kumalizika. Nilikaa ukingoni mwa lile birika, halina maji, limeota majani, kenge mmoja kajilaza chini anaota jua. Nikawaza huko mjini kwetu watu wanavyoanzisha nyumba wakaishia kwenye lenta. Kumbe ni ugonjwa wa siku nyingi.

Hapo, kwa kumbukumbu, hakuna aliyeniambia palikuwa jela. Shikeni hilo.

---

Kachori Moto

Nimevuta kigoda. Mkuu, Tanga umepita au umeruka? Usinijibu vibaya.

---

Bei ya Jumla

Uzi mtamu ila weka gharama. Sisi wengine historia tunaipenda ila mfuko hauna historia.

---

Kandambili Moja

@Kachori Moto Tanga nimelala usiku mmoja, nikaenda Tongoni. Ni msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengi ya nguzo, ngome haipo. Ila nenda, pametulia sana.

@Bei ya Jumla Viingilio vinabadilika, nikiandika leo kesho nitaitwa mwongo. Mwananchi analipa kidogo sana kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho, kisomeke. Inayokula hela ni mashua ya kukodi. Tafuta wenzako wanne mchangie.

---

Fundi Chokaa

Mtoa mada, umenigusa. Mimi kazi yangu ni hii, nimeshiriki kukarabati majengo ya kale, ngoja niwaongezee kitu ambacho watu wa kuzungusha wageni huwa wanakiruka.

Mkiingia kwenye ngome hizi au nyumba yoyote ya kale ya pwani, angalieni upana wa vyumba. Virefu, lakini vyembamba. Watu hudhani ni mtindo. Sio mtindo, ni boriti. Dari inashikwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haizidi sana mita mbili na nusu, tatu. Ukitaka chumba kipana zaidi itabidi utie nguzo katikati. Kwa hiyo aliyepanga upana wa vyumba vya masultani wetu ni mkoko.

Ukuta ni jiwe la matumbawe na chokaa. Chokaa inapatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, halafu inalowekwa na kuachwa iive. Ukuta wa chokaa unapumua. Chumvi na unyevu vinaingia na kutoka. Anakuja mtu na saruji, anapiga lipu safi, anapiga picha, anaondoka. Baada ya misimu miwili ya mvua unyevu umefungiwa ndani, chumvi inasukuma, lipu inabanduka na nyama ya ukuta. Nimeshika kwa mkono huu jiwe lililokaa miaka mia tatu likageuka unga kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji. Sitaji ni wapi.

Mkiona sehemu ya ukuta imekuwa ya kijivu na inang'aa kuliko nyingine, hapo pameshaharibiwa.

---

Bei ya Jumla

@Fundi Chokaa kaka, hii comment yako peke yake ingekuwa uzi.

---

Kandambili Moja

BAGAMOYO NA UNGUJA, kwa kifupi

Bagamoyo, Ngome Kongwe ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu yapata 1860, Sayyid Barghash akaiendeleza, Wajerumani wakaichukua, baadaye jela, baadaye polisi mpaka miaka ya 1970. Kijana aliyenizungusha akanionesha shimo, akasema ni handaki la kupitishia watumwa mpaka ufukweni. Nikachungulia kwa tochi ya simu. Nimeona giza na chupa ya soda. Sikatai, sikubali.

Wakati niko pale nikapita na Boma la Mjerumani, la 1897. Sehemu yake ilianguka kwa mvua za El Niño, miaka mia moja tu baada ya kujengwa. Kaburi la kwenye magofu ya Kaole, hapo jirani, liko pale karne na karne limesimama. Fundi Chokaa atatueleza.

Unguja, Ngome Kongwe ya Forodhani: Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno, kati ya 1698 na 1701, kwenye kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno. Igreja tena! Karne ya 19 ikawa jela (kiitikio hicho). Karne ya 20 ikatumiwa na reli ya Bububu kama karakana, halafu 1949 ikawa klabu ya kina mama ya tenisi. Leo ina jukwaa la mawe, ndiko tamasha la muziki la Sauti za Busara na lile la filamu la ZIFF yamekuwa yakifanyikia. Nilikaa kwenye zile ngazi saa kumi alasiri, watoto wawili wanafukuzana jukwaani, paka kalala juu ya spika.

Jirani yake, Beit al-Ajaib, jumba la kale la sultani. Tangu sehemu ile ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, ukipita pale unatembea kama unapita nyumba yenye msiba.

---

Binti wa Shangani

Kaka yangu karibu tena kwetu, ila umetupitia mbio kama boti ya mchana. Ngome Kongwe hujaingia na usiku? Siku ya tamasha ngoma ikipigwa mle ndani sauti inazunguka kwenye kuta ikurudie mgongoni. Bibi yangu alikuwa hataki kuingia kabisa. Akisema ubavuni pa ngome, upande wa mashariki, ndipo walipokuwa wakikatwa watu vichwa enzi za masultani, na yeye hawezi kucheza ngoma juu ya vichwa vya watu. Sisi tukimcheka. Sasa nimekuwa mtu mzima, naingia, nacheza, lakini nikitoka sipiti upande ule.

---

Mpemba wa Mashamba

Assalaam alaykum. Naona Pemba imerukwa, kama kawaida. Chake Chake ipo ngome, imebaki kipande, sasa ni makumbusho. Lakini nenda Pujini. Pujini ndiyo ngome ya wenyeji, boma la udongo na mawe la Mkama Ndume, limejengwa kabla ya Mreno kuijua njia ya huku.

Wazee wanahadithia kwamba Mkama Ndume alikuwa mkali hata jina lenyewe ni hilo, anakamua wanaume. Watu wakibebeshwa mawe huku wanajikokota kwa makalio, kusimama marufuku. Na alikuwa na wake wawili wasiopatana. Akawachimbia kisima kimoja, akakitia ukuta katikati, kila mke anateka upande wake, mmoja kwa ndoo na kamba, mwingine kwa ngazi, wasionane nyuso. Kisima kipo. Mtu anaweza kuwaamrisha watu wa kisiwa kizima halafu akashindwa na wake wawili.

---

Kachori Moto

😂😂 Huyo Mkama Ndume alijenga ngome akakimbilia kisimani.

---

Kandambili Moja

@Mpemba wa Mashamba mzee wangu, nimekosa. Siku zilinibana. Pujini ni deni.

Sasa MOMBASA.

Fort Jesus nimeingia siku mbili mfululizo, nimelipa mara mbili kwa hiari yangu. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, ramani ikachorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kwa juu ni mtu kalala chali, kichwa kimeelekea baharini. Hekta 2.36 pamoja na handaki lake la nje. UNESCO wakaiorodhesha 2011.

Juu ya lango kuna jiwe la maandishi la 1635. Kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, kajiandikia mwenyewe: nina umri wa miaka 27, nimekuwa kapteni wa ngome hii, nimeijenga upya, nimewatiisha wafalme wa pwani hii. Miaka 27! Siku hizi angeweka status.

Ila mniulize kwa nini ilibidi ijengwe upya. Miaka minne nyuma, Agosti 1631, Sultani wa Mombasa aliingia ngomeni wakati wa sikukuu ya Wareno, akamchoma kisu kapteni, akaiteka. Huyu sultani ni nani? Yusuf bin Hassan. Baba yake aliuawa Wareno wakiwa na mkono wao, yeye akapelekwa Goa, makao ya Wareno kule India, akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, akalelewa, akasomeshwa, akarudishwa kutawala. Walidhani wamepika chungu chao wenyewe. Walipokuja kulipiza, 1632, ngome ikawashinda wenyewe walioijenga. Yeye akaibomoabomoa, akapanda meli akaondoka, akamalizia maisha baharini kama haramia. Nilisimama pale langoni nikilitazama lile jiwe la kijana wa miaka 27. Jina la Yusuf halimo.

Ndani, kitu kilichonishika si mizinga. Ni michoro ya ukutani. Askari wa Kireno waliokuwa zamu walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli na matanga yake, kamba moja moja, watu. Nimeiangalia kwa karibu sana mpaka mlinzi akakohoa. Kuna mchoro wa meli ambao aliyeuchora amehesabu kamba zote. Mtu hachori hivyo kama hana hamu ya kurudi kwao.

Na ndiyo, kiitikio: Mwingereza aliigeuza jela 1895, ikawa jela mpaka 1958.

---

Ami wa Kuze

Ndugu yangu karibu Mvita, umeeleza vyema, lakini pana mambo mawili uliyaacha na moja wageni wote huja nalo kinyume, nataka nilinyooshe.

La kinyume kwanza. Watu huja hapa na fikira kwamba Ngome ilijengwa kuwa ghala la watumwa. Sivyo. Ilijengwa kwa khofu. Mturuki, Ali Bey, alishuka pwani hii mara mbili miaka ya 1580, na watu wa Mombasa wakampokea kwa mikono miwili. 1589 jeshi la Goa likaja kumng'oa, na upande wa bara Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, wamepiga kambi wangoja kuvuka. Mji ukaliwa na pande mbili. Baada ya hapo Mreno akasema hapa sibanduki, akahamisha makao yake kutoka Malindi.

La pili ni kuzingirwa. Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Miezi thelathini na tatu, bwana. Muomani yuko nje, ndani wamo Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, wake kwa waume. Hawakuuliwa na mizinga wengi wao, waliuliwa na maradhi na njaa. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama papa hapa mbele ya Ngome 1697. Wapigambizi waliifukua 1977 hadi 1980, vyombo vyake vimo makumbushoni mle. Siku Waomani wanaupanda ukuta, waliobaki ndani walikuwa wachache wa kutia huruma. Na siku chache tu baadaye zikatokeza meli za msaada nyingine kutoka Goa. Zikaona bendera si ile. Zikageuka.

Mimi nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapo. Utotoni tukicheza mpira chini ya ule ukuta, ukianguka handakini hapana wa kuufuata jioni.

Na hilo la handaki la siri kama uliloambiwa Bagamoyo: hapa kwetu lipo kweli, njia iliyochongwa ndani ya mwamba mpaka majini. Si ya siri, mna ngazi, utaoneshwa.

---

Kandambili Moja

@Ami wa Kuze shukrani sana ami. Hilo la meli kugeuka sikulijua. Nimelisoma mara tatu.

---

Tanga Raha

Mimi bado sijakubaliana na hilo la gereza na kanisa. Maneno yetu mengi ni ya Kiarabu. Nani amethibitisha?

---

Ami wa Kuze

Mwanangu, fungua kamusi yoyote kubwa yenye asili za maneno. Kisha jiulize meza watoa wapi, na leso, na bendera, na mvinyo, na kasha. Yote ya Mreno. Amekaa kwetu miaka mia mbili kasoro akatuwachia meza, leso na jela.

---

Niko Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Nimefuatilia uzi huu kazini, bosi kapita mara mbili.

Kandambili, kiitikio chako kimevuka bahari. Hapa Muscat bandari ya zamani inalindwa na ngome mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani, Wareno walizijenga miaka ya 1580, muongo mmoja tu kabla ya hiyo ya Mombasa. Waomani wakawatoa 1650, na ndipo wakaanza kuwafuata mpaka huko kwetu. Na hiyo Jalali, nadhani umeshajua nitakachosema: ilikuwa jela, mpaka miaka ya 1970. Wazee wa hapa wanaosema Kiswahili ukiwatajia Jalali wanabadilisha mazungumzo.

Ukija, nenda na Nizwa, ya Imamu Sultan bin Saif, karne ya 17. Ngazi zake zinapinda, na kila unapopinda, juu ya kichwa chako kuna tundu. Adui akifika hapo anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Mke wangu aliposikia akasema, asali yote hiyo, si wangempa tu akala akarudi kwao.

---

Kachori Moto

Mke wako apewe wizara.

---

Lori la Mtwara

Kusini mwa mto Ruvuma zipo pia. Nimefika Ilha de Moçambique kikazi, São Sebastião ni kubwa sana, Mholanzi aliizingira 1607 na 1608 akashindwa. Kilichonishangaza ni kwamba paa lote limetengenezwa kukusanya maji ya mvua, na akina mama bado wanaingia kuteka kwenye birika la ngome. Na Ibo ngome ya 1791 ina mafundi wa fedha wamekaa mlangoni wanafua hereni. Nikawasikiliza wanavyoongea, Kimwani, nikaelewa nusu. Hiyo sikusikia kuwa ni jela, ila sikuuliza.

---

Kandambili Moja

LAMU, kipande cha mwisho

Basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, vizuizi vya polisi vingi, kitambulisho mkononi muda wote. Mokowe unaingia mashua.

Ngome ya Lamu haiko ufukweni siku hizi, mji umeisogelea na kuipita. Ilianza kujengwa yapata 1813 ikaisha 1821, baada ya vita vya Shela. Vita vyenyewe: watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja na mashua nyingi, wakateremka Shela, wakapigwa. Wakakimbilia mashua zao, wakakuta maji yamekupwa, zimekaa mchangani. Wakamalizwa palepale. Nilitembea mpaka Shela nikasimama ule ufuo, miguuni nina kandambili mpya za Mombasa, na nikaangalia maji yanavyoondoka. Ndani ya saa mbili yameenda mbali huwezi kuamini. Kwa mara ya kwanza sikuililia ile ya Kilwa. Mimi nilipoteza kandambili.

Baada ya ushindi watu wa Lamu wakaogopa kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Oman. Akasaidia kumaliza ngome. Na akabaki.

Jela kuanzia 1910 mpaka 1984. Hii ndiyo jela iliyochelewa kufungwa kuliko zote nilizopita, kwa hiyo watu wazima wa mji huu wanaikumbuka ikiwa na wafungwa. Leo juu kuna maktaba, ua wa chini unafanyiwa harusi na maonyesho. Nje ni uwanja wenye miti mikubwa, wazee wanacheza bao, punda wanapita na mchanga, soko liko ubavuni.

Nilikaa pale uwanjani siku nzima ya mwisho. Nikamuuliza mzee wa bao, hivi wafungwa walikuwa wanaona huku? Akasema, "Walikuwa wanaona, na sisi tulikuwa tunaona." Akala kete zangu nne.

Nimemaliza, wakuu. Maswali karibuni.

---

Fundi Chokaa

Kazi nzuri. Na mmeona, pale Husuni Kubwa ambapo hapakuwa jela ndipo hakuna dari hata moja iliyosimama. Jengo likikosa matumizi linakufa. Jela ni matumizi mabaya lakini kuna mtu anaziba paa.

---

Binti wa Shangani

Hiyo kali. Sijui nikupinge au nikuache.

---

Mahamri ya Saa Kumi

Mimi huwa msomaji tu humu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu.

Babu yangu alifungwa kwenye hiyo ngome ya Lamu, miaka ya sabini, miezi sita. Kosa lake alikata boriti bila leseni. Fundi Chokaa atacheka: aliwekwa kwenye chumba chembamba, akalala miezi sita akizitazama boriti juu yake. Alikuwa akisema alizihesabu, na kwamba mbili zilikuwa mbovu, na yeye angeleta nzuri zaidi.

Nyanya alikuwa akiuza mahamri kwenye ule uwanja, chini ya mti, karibu na soko. Kuongea na mfungwa ilikuwa hairuhusiwi ila siku za kuzuru. Kwa hiyo akawa akinadi. Mwezi wa kwanza akinadi "Mahamri sita! Mahamri sita!" na watu wakimshangaa, kwa kuwa anauza moja moja. Mwezi ukiandama anapunguza. "Mahamri matano!" Babu akisikia juu huko anajua amebakisha mingapi, maana alikuwa hajui kusoma wala hakuwa na kalenda.

---

Kandambili Moja

@Mahamri ya Saa Kumi dada (au kaka?), nimeweka simu chini kwanza. Alikuwa upande gani wa ngome? Nilizunguka vyumba vyote.

---

Mahamri ya Saa Kumi

Dada. Juu, upande wa sokoni. Nyanya akisema mwezi wa mwisho alinadi "Hamri moja!" mpaka sauti ikamkauka, na askari mmoja akateremka akainunua.